Ujira, Ada, Tunzo na Mrabaha: Maneno ya Malipo ya Sanaa katika Kiswahili

Katika miji na vijiji vya pwani ya Afrika ya Mashariki, mtu aishiye kwa sanaa peke yake amekuwa nadra tangu zamani. Mtunzi wa mashairi alikuwa pia mfanya biashara, au mwalimu wa chuo, au karani. Mchonga milango alikuwa na shamba. Msuka mikeka alikuwa na nyumba ya kuangalia na watoto wa kulea. Shaaban Robert (1909–1962), ambaye hapana amkanaye kuwa miongoni mwa wakuu wa fasihi yetu, aliingia katika kazi ya serikali mwaka 1926, katika idara ya forodha, na sehemu kubwa ya maandishi yake aliyaandika akiwa mtumishi wa serikali. Sanaa basi ilikuwa, na kwa wengi ingali, njia ya kuongeza kitu juu ya riziki itokayo mahali pengine. Siku hizi jambo hili huitwa "kipato cha ziada".

Makala haya yanakusudia kuchunguza maneno ambayo Kiswahili huyatumia kutaja malipo ya kazi za sanaa: asili yake, maana zake, na vitenzi vinavyofuatana nayo. Uchunguzi wenyewe ni wa lugha, walakini matokeo yake hayaishii katika lugha. Nitajaribu kuonyesha kwamba kila neno la malipo hubeba ndani yake mapatano fulani baina ya atoaye na apokeaye. Na kwamba neno "ziada", ambalo sasa limeenea, halibebi mapatano yo yote. Mwenye kutajiwa malipo yake kwa neno lisilofaa huenda akapunjwa bila ya mtu ye yote kusema uongo.

1. Fundi na msanii

Yafaa kuanza na mtendaji mwenyewe. Neno "fundi" lina shina moja na "funda", "funza", "fundisha" na "mwanafunzi". Kwa hiyo fundi, kwa asili ya neno, ni mtu aliyefunzwa kazi na aliye tayari kuwafunza wengine. Neno "sanaa" limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutengeneza au kuunda kitu. Lilipoingia Kiswahilini lilikuja na maana hiyo pana: kazi ya sonara, ya mdarizi, ya mtia nakshi, zote zilikuwa sanaa, na kila mmoja wao aliitwa fundi. Baina ya ufundi na sanaa hapakuwa na mpaka.

Mpaka huo uliwekwa baadaye, hasa katika nusu ya pili ya karne ya 20, neno "sanaa" lilipozidi kutumika kwa uchoraji, uchongaji, muziki, maigizo na fasihi, na neno "msanii" likaenea kwa watendaji wa mambo hayo. Hapa pana jambo la kuangaliwa. Fundi cherehani, fundi seremala na fundi saa wana malipo yanayoeleweka: mteja huuliza kabla ya kazi kuanza, nao hutaja. Msanii, aliyetengwa na jina la fundi, alitengwa pia na desturi hiyo ya kuuliza na kutaja. Wala mambo hayakukoma hapo. Katika mazungumzo ya mitaani neno "usanii" limepata maana ya hila na udanganyifu. Mtu husema "amenifanyia usanii" akiwa na maana kwamba ameghilibiwa. Neno lililotaja kazi ya mikono yenye ustadi sasa linaweza kutaja kazi isiyokuwapo.

2. Maneno manne ya zamani

Neno la kwanza ni "ujira", ambalo asili yake ni Kiarabu na maana yake ni malipo ya kazi iliyotendwa. Hulifuata tendo la kulipa: ujira hulipwa, na usipolipwa ni deni. Karibu nalo lipo "mshahara", lililojengwa juu ya neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi. Mshahara, kwa asili yake, ni malipo yahesabiwayo kwa mwezi. Kadhalika "kibarua", ambacho kwanza kilikuwa barua ndogo, yaani kipande cha karatasi alichopewa mfanya kazi wa kutwa, kikaja kuwa jina la kazi yenyewe na la mtu aifanyaye. Maneno haya matatu yana sifa moja: yote hupima. Ujira hupima kazi, mshahara hupima mwezi, kibarua hupima siku.

Neno la pili ni "ada". Kwa Kiarabu maana yake ni desturi, na maana hiyo ingalimo katika Kiswahili tusemapo "mila na ada". Ada ikawa malipo kwa sababu ilikuwa desturi kutoa kitu mahali fulani kwa mtu fulani. Kiasi chake hakikuamuliwa na watu wawili waliopatana, bali na mazoea ya mji mzima. Kitenzi chake cha zamani ni "kutoa". "Kulipa ada" kumezidi kuzoewa pamoja na ada za shule. Pamoja na ada limo neno "kilemba". Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, pamoja na maana ya kitambaa cha kichwani, inataja kwamba kilemba ni zawadi ya desturi itolewayo kazi au mafunzo yanapomalizika. Fundi aliyemaliza kazi alipewa kilemba, na mwalimu aliyemhitimisha mwanafunzi alipewa kilemba. Hiki hakikuondoa ujira; kilikaa juu yake. Ujira ulilipa kazi, kilemba kikamheshimu mtendaji.

Neno la tatu ni "tunzo", au "tuzo", na kitenzi chake "kutunza" au "kutuza". Hapa sarufi inafundisha mengi. Katika ngoma na taarabu, msikilizaji aliyeguswa na maneno ya wimbo huinuka, akaenda mbele kwa mwendo wa madaha, akampa mwimbaji fedha mkononi au akazitia alipo. Tendo hilo ni kumtunza mwimbaji. Angalia kwamba kitenzi hiki, katika maana hii, hupokea mtu tu. Twasema "alimtunza mwimbaji". Tukisema "aliutunza wimbo", maana hugeuka, ikawa aliuhifadhi usipotee. Basi tunzo haiulipii wimbo. Ni tendo baina ya watu wawili, tena mbele ya watu wengine, kwa kuwa mara nyingi mtunzaji hutaka aonekane ametunza kwenye mshororo gani na unamhusu nani. Kelly Askew, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu muziki na siasa za utamaduni nchini Tanzania, ameeleza kwa kirefu jinsi utunzaji katika taarabu ulivyo njia ya watazamaji kusema yao bila kufungua kinywa. Mwimbaji huondoka na fedha, lakini hawezi kuzidai. Usiku mmoja ni neema, usiku wa pili mikono mitupu.

Neno la nne ni la siku hizi zaidi, nalo ni "kifuta jasho". Hupewa aliyeshiriki mashindano asishinde, au aliyeitwa kughani shairi katika sherehe ya ofisi bila kupatana naye malipo. Ndugu zake ni "nauli", "asante" na "chai". Maneno haya yana adabu ya nje, lakini yachunguzwe. Jasho hulifuta atakaye kuondoa alama ya kazi. Nauli hulipia njia, na kazi iliyotendwa mwisho wa njia haikutajwa. Mtunzi aliyekesha usiku mitatu akisawazisha vina na mizani hupewa fedha ya basi, naye hupokea kwa shukrani, kwa maana neno lenyewe halikumwachia nafasi ya kuuliza.

3. Kazi isiyoitwa kazi

Maneno hayo manne yote yanahusu sanaa itendwayo mbele ya watu au kwa kuagizwa. Ipo sanaa nyingine kubwa zaidi kwa hesabu ya watendaji, itendwayo uani na barazani, ambayo malipo yake hayana hata neno. Nayo ni usukaji na udarizi.

Tuchukue mkeka. Makuti machanga ya mkindu hukatwa, huanikwa yakakauka, mengine yakatiwa rangi. Kisha huchanwa nyuzi nyembamba, na nyuzi hizo husukwa kuwa ukili, yaani utepe mrefu wenye upana wa vidole kadhaa. Ukili husukwa pima baada ya pima ukazungushwa kama gurudumu. Na ukitimia hushonwa, utepe kwa utepe, mpaka upatikane mkeka. Mwisho hukatwa na kutiwa pindo. Hapana hatua hata moja isiyotaka ustadi. Nakshi ya mkeka hutokea katika kuhesabu nyuzi, na msukaji huihesabu kichwani huku akizungumza, akipuliza moto, au akimtuliza mtoto.

Kofia ya kudarizi ina mwendo wake mwingine. Kitambaa cheupe hukatwa sehemu mbili, ya kuzunguka kichwa na ya juu. Nakshi huchorwa kwanza kwa kalamu, kisha hufuatwa kwa sindano. Katika kofia za thamani vitundu vidogo hutobolewa na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja. Kofia moja ya namna hii huchukua majuma, na nyingine miezi. Mara nyingi hupita mikono kadhaa: wa kuchora, wa kudarizi, wa kuunganisha, wa kufua na kutia wanga, na wa kuuza. Lamu na Unguja zimejulikana kwa kofia hizo, na kofia ya Waomani iitwayo kumma ni ndugu yake, iliyofuata mahusiano ya kale ya pande hizo mbili za bahari.

Sasa, mwenye kazi hii akiulizwa anafanya kazi gani, si jambo geni kusikia akijibu, "Sina kazi, nasuka ukili tu." Neno dogo "tu" lastahili kuangaliwa na mwanaisimu. Katika sentensi hiyo halionyeshi uchache wa ukili, maana pengine amesuka pima ishirini. Linaonyesha kwamba tendo lenyewe halimo katika fungu la mambo yaitwayo kazi. Hutumika vile vile katika "nimekaa tu" na "napita tu". Msukaji ameweka usukaji wake pamoja na kukaa na kupita. Methali yasema, "Kazi mbi si mchezo mwema", ikigawa matendo yote kuwa kazi au mchezo. Usukaji wa ukili haukupewa nafasi katika fungu lo lote.

Matokeo ya jambo hili huonekana katika bei. Natoa hesabu ya mfano tu, ili njia yake ieleweke. Tuseme mkeka umeuzwa shilingi 40,000. Ukindu na rangi viligharimu shilingi 10,000. Msukaji husema amepata faida ya shilingi 30,000. Lakini ikiwa alitumia saa 60, basi kila saa ilimpa shilingi 500, na kama alikwenda mwenyewe sokoni siku nzima, zaidi ya hapo imepungua. Katika lugha yake saa 60 hizo hazikuwamo, kwa hiyo ujira wake ameuita faida. Mchuuzi anayejua kuhesabu anafahamu hivyo, naye hununua kwa bei ya mtu ambaye muda wake haukutiwa hesabuni. Hapana aliyemdhulumu kwa mkono. Neno "tu" limekwisha kuifanya kazi hiyo kabla mchuuzi hajafika.

4. Bei na thamani

Kiswahili kilichukua maneno mawili ya Kiarabu na kuyapa kazi mpya. "Bei" kwa asili ni tendo la kuuza. "Thamani" kwa asili ndiyo bei yenyewe. Kwetu bei imekuwa kiasi cha fedha ambacho mnunuzi hutoa, na thamani imekuwa ubora na uzito wa kitu, ambao huenda ukapitana mbali na bei. Waweza kusema, na ukaeleweka mara moja, kwamba kitu kina thamani kubwa lakini bei yake ni ndogo. Tofauti hii ni hazina kwa mwenye kusema juu ya sanaa.

Mfano wake ulio wazi ni michoro ya Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Alitumia mbao laini za kiwandani zilizokatwa mraba, na rangi ya mafuta ya namna ipakwayo baiskeli, akachora wanyama, ndege na watu. Picha ziliuzwa upande wa Oyster Bay, ambako wanunuzi wengi walikuwa wageni. Aliwafunza jamaa zake, na alipouawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, wanafunzi wake waliendelea. Mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo waliunda chama cha ushirika. Leo jina lake limekuwa nomino ya kawaida: twasema "kuchora tingatinga" na "picha ya tingatinga" hata mchoraji akiwa mtu mwingine kabisa.

Jina la mtu likigeuka kuwa jina la aina, lugha imemtunukia heshima kubwa. Lakini heshima hiyo haina malipo. Sheria za hakimiliki hulinda picha fulani iliyochorwa, hazilindi mtindo. Kila awezaye kuchora chui mwenye madoa ya duara aweza kuuita mchoro wake tingatinga. Zaidi ya hayo, mchoraji hupokea bei mara moja tu, siku picha inapotoka mkononi mwake. Thamani ikikua baadaye, hukua mikononi mwa wengine. Ndipo ilipotakiwa lugha yenye neno la malipo yafuatayo kazi hata ikiisha kuondoka.

5. Mrabaha

Haja hiyo ilianza kuonekana mapema katika uimbaji. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika kisiwa cha Unguja, aliuza vyungu vilivyofinyangwa na mama yake kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911 na kujulikana kwa sauti yake. Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kutia sauti katika sahani za santuri. Tangu hapo wimbo uliweza kusikilizwa mahali ambapo mwimbaji hayupo. Tumeona kwamba tunzo hupewa mtu, ana kwa ana. Santuri haina mkono wa kupokea. Kwa hiyo chombo kimoja kilivunja mapatano yote yaliyokuwamo katika neno "kutunza", na kwa muda mrefu hapakuwa na neno jingine lililokaa mahali pake.

Neno lililokuja kushika nafasi hiyo ni "mrabaha". Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya faida; halina undugu na "riba", ingawa masikio huyakaribisha, kwani riba ina mzizi mwingine wenye maana ya kuzidi. Katika Kiswahili mrabaha hutajwa kwa madini na misitu: ni fungu analopewa mwenye mali kila mwingine anapoitumia. Kulipeleka neno hili kwenye vitabu na nyimbo kulikuwa uamuzi mzuri, kwa sababu lilibeba wazo la kwamba utungo ni mali yenye mwenyewe, mithili ya mgodi. Lilipata mwenzi katika "hakimiliki", neno lililoungwa waziwazi. Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, Kenya ikatunga yake mwaka 2001, na Zanzibar mwaka 2003.

Hata hivyo neno lililomo katika sheria halijawa neno la barazani. Mdarizi, msukaji na malenga wa kijijini hawasemi "mrabaha wangu". Husema "walinipa kitu". Nomino "kitu" ndiyo iliyo tupu kuliko zote katika lugha yetu. Hutaja bila kutaja.

6. Juu ya neno "ziada"

Turudi sasa kwenye "kipato cha ziada". Kipato na pato vimetoka katika "pata". Kiambishi ki- hapa si cha udogo, kama kisivyokuwa cha udogo katika "kilimo". Lakini "ziada", yenye asili ya Kiarabu, ni kile kilichozidi baada ya cha lazima kutimia. Neno hili hupima malipo kwa kuyalinganisha na pato jingine la mtu huyo, na kazi yenyewe haliigusi. Karani mwenye mshahara akichora picha jioni, picha yake ni ziada. Mjane asiye na pato jingine akichora picha ile ile, kwake ndiyo yote. Picha ni moja, saa ni zile zile, rangi ni ile ile. Mnunuzi asemaye "hii kwako si ziada tu?" ameichukua hali ya mchoraji akaifanya kipimo cha mchoro.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa wenzangu watunga kamusi na wafasiri wa mikataba. Kwanza, malipo ya muda na nguvu yaitwe ujira, ya kitu kilichouzwa yaitwe bei, ya matumizi ya utungo yaitwe mrabaha, na ya heshima yaitwe tunzo au kilemba. Wala moja lisitumiwe kulifunika jingine. Mtunzi aliyeagizwa shairi la kufungulia mkutano apewe ujira kwanza. Akitaka mwenyeji kumtunza, na amtunze baadaye. Pili, kamusi zetu ziyape maneno "ukili", "udarizi" na "usukaji" mifano ya sentensi ambamo mtu anafanya kazi na kulipwa, kwa kuwa mwanafunzi hujifunza katika mfano kuliko katika fasili. Tatu, walimu wa ufundi na vyama vya ushirika wamzoeze mtendaji kuandika saa zake kabla ya kutaja bei, na safu hiyo ya daftari iitwe "ujira wangu", isiitwe "faida".

Katika shina la "pata" limo pia "patana", na kutokana nalo "mapatano". Kiswahili kimeyaweka pato na mapatano katika nyumba moja. Msuka ukili anayesema "nasuka tu" hajapatana na mtu juu ya saa zake, na hata nafsi yake hajapatana nayo. Kazi ya mwanaisimu haimwongezei msukaji huyo shilingi moja; lakini aweza kumwonyesha kwamba neno la kudai lipo, ni la kale, na ni lake.